Mbuzi wa Kilio Alikuwa Wapi Georgeta Alipoomba Yai?

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu. Hicho kitu msiniulize! Karata yangu ya uchaguzi inasema hivi, cheti cha ubatizo kinasema vile, na marehemu mama alisema nilizaliwa mwaka ule maji ya Lualaba yalipopanda mpaka yakaingia makaburini. Chagueni wenyewe. Mimi ninajua tu kwamba nimezika mume, nimelima karanga na mpunga maisha yangu yote pembeni ya Kasongo, na watu wananiita Mama Sifa, kwa sababu ya binti yangu wa kwanza.

Shule niliacha mwaka wa tatu wa primeri. Baba alisema jembe halitaki kusoma. Basi mkiona herufi zangu zimelala upande, zisimamisheni ninyi mliosoma, mimi niendelee.

Ninaandika kwa sababu nina hasira. Wengine wanaandika kwa machozi... mimi machozi yangu yaliishia Kabambare, karibu na sufuria la mbuzi. Mtafika huko pamoja nami. Msiharakishe.

Ilianza na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama karanga isiyomenywa. Hauumi! Ndiyo ubaya wake. Kama ungeuma ningepiga kelele mapema, maana mimi kwa kelele Mungu hakuninyima. Nilipalilia nao, nikavuna nao, nikacheza nao harusi ya jirani. Ulipoanza kuvuta ngozi, Sifa akasema basi. Sifa anauza vitenge na chumvi kule Salamabila, kwa wachimba dhahabu, na mtoto yule akisema basi, ni basi. Akanipeleka hospitali kubwa Bukavu. Jina la hospitali silitaji, maana kesi yangu si na hospitali. Wao walifanya kazi yao.

Walikata titi. Wakasema ni kansere, na kwamba baada ya jeraha kukauka nitapigwa serumu kali, moja, halafu kupumzika, halafu nyingine, hivyo hivyo mpaka ziishe. Wao wanaita shimio. Ndugu zangu, serumu ile! Ukiiona iko kwenye chupa utasema ni maji tu. Ikiingia mwilini, unajua kwamba mtu ameingia nyumbani na panga. Anatafuta mwizi, ni kweli, lakini anakata na viti.

Nywele zilitoka zote. Kucha zikawa nyeusi. Kinywa kikajaa vidonda, na maji ya kunywa yakawa na ladha ya msumari. Na harufu ya mafuta ya mawese, mimi mtoto wa Kasongo niliyekua juu ya mawese, ikawa inanitapisha! Nililia siku hiyo kuliko siku walipokata titi.

Ni pale nilipopata Georgeta.

Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Alitoka Kabambare, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, watoto wake bado wa shule. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, na upande ni ule ule wa kushoto. Nywele zetu zilipoisha alijishika kichwa, akanitazama, akasema kama kwa dada yake mkubwa, "Yaya, sasa sisi ni mapadri. Wewe utasoma misa ya kwanza, mimi nitakusanya sadaka." Chumba kizima kilicheka! Hata yule mama wa dirishani ambaye hakuwa anaongea na mtu.

Alikuwa hivyo Georgeta. Ukimpa dakika moja ya maisha, anaicheka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kisa chenyewe kinaanza.

Kila asubuhi alikuja mama mmoja muuguzi, kazi yake ni chakula cha wagonjwa. Tulimwita Mama Nitrisioni. Alitupandisha kwenye mizani, kisha akatuonya. Alisema dawa inapigana na kansere, lakini inapigania ndani ya mwili wenu, na mwili usiokula utaanguka kabla vita haijaisha. Alisema, mkirudi hapa mmekonda kupita kiasi, na damu iko chini, daktari atasimamisha serumu. Na serumu ikisimama, mwizi anapata nafasi.

Akatufundisha. Kula kidogo kidogo, lakini mara nyingi, usingoje njaa maana njaa haitakuja. Buyi, uji wetu wa mahindi, yenye unga wa soya na karanga iliyotwangwa. Yai lililoiva kabisa. Samaki, ndakala wale wadogo kama dagaa, maharage, avoka, hata viwavi vyetu vya kukausha. Hapo Georgeta aliruka kitandani, "Viwavi! Mama, umesema viwavi? Basi nimepona!" Ukiwa na vidonda kinywani, acha pilipili, kula kitu laini kilichopoa. Harufu ya moto ikikutapisha, ondoka jikoni, kula mahali penye hewa. Maji ya kunywa yachemshwe. Na kufunga chakula, alisema, hapana! Hata kama ni kwa maombi, mjue Mungu anasikia na mtu aliyeshiba.

Mimi niliuliza, "Na wajukuu? Nitakula yai wakiniangalia?"

Alinijibu, "Mama Sifa, dawa ya serumu ulimgawia mjukuu?"

"Hapana."

"Na yai hili ni la dawa yako."

Maneno mazuri. Lakini yeye alikuwa mtu wa mjini, hakujua tunakorudi.

Kwetu, wasomaji, mtu hali peke yake. Wanaume wanakula barazani, kila nyumba inaleta sahani yake. Wanawake na watoto tunakula jikoni, bugali moja, sombe moja ya majani ya muhogo, mikono yote ndani. Mama ndiye anakata, mama ndiye anakula mwisho, akipata. Mwenye kujifungia na sahani yake ana jina moja tu. Mchawi! Wanasema anakula asichotaka watu wakione. Mimi mwenyewe nilikua nikisikia hivyo, na kuna bibi mmoja wa kwetu aliyehama kijiji kwa sababu alionekana akitafuna peke yake nyuma ya nyumba. Kumbe alikuwa hana meno, aliona haya... Lakini hiyo ni habari nyingine, acha nirudi.

Siku ya kuachana mimi na Georgeta tulibadilishana gobeleti, vikombe vyetu vya buyi. Alikuwa na ya plastiki ya buluu, mimi nyekundu yenye mfuniko, imeungua kidogo ukingoni kwa sababu niliiweka karibu na mbabula ya makaa. Akasema, "Yaya, chukua yangu, mimi ninachukua yako. Kila ukiiona, unakunywa buyi. Usipokunywa, nitakuja kukupiga kwa mkono huu mzima." Mimi nikasema nitapita kwake Kabambare siku ya kurudi kwa serumu, twende pamoja. Tulishikana mikono hivyo. Yeye alishukia kwake, mimi pikipiki ikaendelea mpaka Kasongo.

Nyumbani ninaishi na mwanangu Musafiri, mke wake Odeta, na watoto wao. Na uani, nyumba ya pili, yuko shemeji yangu Anakle, mdogo wa marehemu mume wangu. Anakle alikuwa katekista zamani, wakamtoa, sababu sitasema, na akaanzisha kikundi chake cha maombi. Ana sauti nzuri, siwezi kumnyima. Akiimba, hata mbuzi wanasimama.

Mwanzo nilifuata mafundisho. Nilikuwa na kuku wangu wa kutaga. Asubuhi yai, halafu buyi, baadaye kidogo samaki na wali laini, halafu buyi tena. Kwa sababu ya mawese sikuweza kukaa jikoni na wengine. Nilichukua kiti na gobeleti ya buluu, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, penye upepo wa kutoka shambani.

Nyuma ya nyumba! Mimi mwenyewe, kwa miguu yangu, nilienda kukaa mahali pa yule bibi asiye na meno.

Haikuchukua muda. Kisimani wanawake walianza kunyamaza nikifika. Kisha nikasikia, "Mama Sifa iko anakula peke yake. Anakula mara nyingi kama mutu wa wawili. Na nywele zimetoka. Ni nani anakula naye kule nyuma?" Jirani yangu Mama Zaina, Mwislamu, rafiki yangu tangu usichana, ndiye aliyeniletea maneno. Alisema ameyajibu. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka.

Anakle ndiye aliyeyapa maneno yale kiti cha kukalia. Alikuja kwa Musafiri, akakaa, akasema mbele yangu kama vile mimi ni gunia. "Ugonjwa wa mama ni mududu. Mududu anakula nini? Anakula kile mama anakula. Mayai! Samaki! Munanenepesha nyama ya shetani. Mumufungishe chakula, mududu atakosa, atatoka mwenyewe. Na kama mama anakataa kufunga... basi tutajua ni nani hataki mududu atoke."

Mnaona mtego? Nikila, mimi ni mchawi. Nisipokula, ninakufa nikiwa mtakatifu!

Nilimtazama mwanangu. Mtoto niliyembeba mgongoni nikipalilia. Nilingoja aseme neno moja tu. Musafiri alitazama miguu yake. Halafu akasema polepole, "Mama, tufanye tu kama baba mudogo anasema. Watu wanaongea."

Watu wanaongea! Kwa hiyo mimi nife ili watu wanyamaze?

Nitawaambia ukweli, niliinamisha kichwa. Si kwa imani. Ni kwa sababu wajukuu walikuwa wameanza kukataa kitu kutoka mkononi mwangu. Yule mdogo kabisa, anayelala kwangu, nilimpa kipande cha avoka, akarudisha mikono nyuma. Alifundishwa na nani? Maumivu hayo, serumu haiyafikii! Nikasema, heri nifunge, mtoto anirudie.

Nikafunga. Kufunga kukavu, hata maji hapana, mpaka jua lizame, na jioni bugali na sombe ya pilipili ambayo kinywa changu chenye vidonda hakikuweza kuingiza. Kwa hiyo ilikuwa kufunga mchana na kufunga jioni. Kikundi kilikuja kuimba. Walikuwa wanaimba vizuri, na mimi nilikuwa ninaona nyota mchana.

Siku nilipoanguka ilikuwa njia ya kisima. Nilisikia ndoo ikilia, halafu sikusikia tena. Mama Zaina ndiye aliyeniokota, akanipeleka kituo cha afya. Mizani ikasema nimeshuka sana. Muuguzi akatikisa kichwa, akasema kwa kilo hizi hawatakupiga serumu. Na Mama Zaina, wakati wa kunirudisha, alipita kwanza mlangoni kwa Anakle, akapaza sauti mtaa wote usikie. "Kwetu hata mwezi wa Ramazani mugonjwa hafungi! Ninyi munatafuta mugonjwa ndiyo munamufungisha! Dini gani hiyo?"

Niliingia uani, nikaenda kutazama kuku wangu. Nilitaka yai, nilikuwa nimeamua.

Banda lilikuwa wazi. Manyoya yalikuwa nyuma ya jiko, yamerundikwa vizuri, ya hudhurungi na meupe.

Musafiri alikuwa amewatoa kuku wangu wote kwa kikundi, kama shukrani ya kumaliza maombi. Walinifunga mimi, wakafungulia kuku wangu! Nilimuuliza, "Mwanangu, mlikula?" Akajibu, "Mama, ilikuwa ya Mungu." Nikamwuliza Mungu alikula paja au bawa. Mpaka leo hajajibu.

Hapo ndipo kitu kiligeuka ndani yangu. Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimekaa chini karibu na manyoya yale, na sikulia. Nikasema kwa sauti, "Basi mimi ni mchawi. Andikeni. Mimi ni mchawi wa buyi! Kuanzia leo nitakula, na sitakula nyuma ya nyumba. Nitakula mbele, njiani, kila mtu anione."

Na nani alinijibu? Odeta, mukamwana wangu, ambaye kwa miaka mingi tuligombana kwa sababu ya kinu na kwa sababu ya kila kitu. Alitoka jikoni, unga kwenye mikono, akasema, "Vizuri. Maana mimi nimechoka kupika buyi na kumwagia mbwa."

Kumbe kila siku ya kufunga kwangu alikuwa anapika! Anaifunika, anangoja niombe. Sikuomba, na mbwa wetu akanenepa. Niliingia chumbani, nikatoka na kiti na gobeleti ya buluu, nikakaa mbele ya nyumba, barabara ikiniona. Odeta akamimina. Nikanywa. Kilikuwa kinauma kinywa, lakini nilikunywa. Watu wa sokoni walipita, wakageuza shingo. Mimi nikawa ninawaamkia mmoja mmoja, "Jambo! Ni buyi! Ya karanga!"

Anakle alisimama mlangoni kwake. "Unajitia aibu, shemeji."

Nikamwambia, "Aibu ninayo, shemeji. Kilo ndizo nimekosa."

Ikawa hivyo kila siku. Mama Zaina alileta mayai ya kwake. Odeta alitafuta ndakala, akazitwanga na kuzichanganya na wali, na mawese akaenda kukaangia kwa jirani ili harufu isinifikie. Unafikiri hilo ni jambo dogo? Mwanamke kubeba sufuria lake kwenda jiko la mwingine, kwa ajili ya mama mkwe mwenye jina la uchawi! Musafiri alikuwa anatoka mapema, anarudi akiwa ameshakula barazani. Yule mjukuu mdogo alianza kukaa mbali kidogo, halafu karibu kidogo, halafu akauliza, "Bibi, hiyo ni tamu?"

Nilimpigia Georgeta simu. Mtandao wa Kabambare unakuja na kwenda kama mgeni asiye na adabu. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Yaya, mimi niko ninafunga."

"Nani amekufungisha?"

"Wifi yangu na watu wa bwana. Wanasema mududu akikosa chakula atatoka mwenyewe." Kumbe maneno ni yale yale! Yalitembea kwa miguu gani kutoka Kasongo mpaka Kabambare? Halafu akacheka, kicheko chake kile. "Lakini yaya... mududu hajatoka. Ninaona ni mimi ndiye ninatoka."

Nilipiga kelele kwenye simu. Nilisema kunywa! Gobeleti iko wapi? Akasema iko. Akasema ana watoto, hawezi kugombana na nyumba nzima, nguvu ya kugombana inataka mtu aliyekula. Nikamwambia ninakuja, siku ya safari tutakwenda pamoja, ajikaze. Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena. Mpaka vidole vikachoka.

Siku ya safari ilifika. Kilo zangu zilikuwa zimepanda, si zote, lakini muuguzi wa kituo alitabasamu. Odeta alinifungia buyi kwenye termosi, na gobeleti ya buluu ndani ya kitenge. Motari wa pikipiki alikuwa kijana mcheshi anaitwa Idi. Akasema, "Bibi, nishike kwa nguvu. Wengi wanamushika Mungu tu, halafu mimi ninabaki peke yangu kwenye tope." Tulikwenda. Barabara mnaijua wenyewe, au kama hamuijui, shukuruni.

Njia nzima nilikuwa ninapanga maneno ya kumwambia wifi ya Georgeta. Niliyapanga vizuri. Matamu mbele, makali nyuma.

Tulipokata kona ya kuingia kwao, niliona turubai. Niliona viti vya kukodi. Niliona wanaume wamekaa chini upande mmoja, na moshi mwingi uani. Idi alizima pikipiki bila kuambiwa.

Walikuwa wamemzika jana yake.

Jamani! Jana yake tu!

Sikupiga yowe. Nilitembea mpaka uani. Kulikuwa na masufuria makubwa matatu juu ya mafiga. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandazwa kwenye paa la jiko. Mwanamke mnene mwenye kitambaa cheusi alikuwa anapima mchele kutoka gunia, anachota, anamwaga. Na alikuwa anachota kwa gobeleti nyekundu... yenye ukingo ulioungua.

Alinitazama kichwa changu kitupu, akadhani nimenyoa kwa msiba. Akasema kwa upole, "Karibu mama. Kaa na wengine, chakula kinakaribia. Tumechinja."

"Mmechinja nini?"

"Mbuzi. Marehemu lazima aheshimiwe."

Nikamwuliza kama yeye ndiye wifi. Akasema ndiye. Nikamwambia, "Mimi ni Mama Sifa wa Kasongo. Hicho unachopimia mchele ni changu. Nilimpa Georgeta anywee buyi. Aliinywea?"

Mkono wake ulisimama.

"Kwetu mutu hali peke yake," alisema.

"Na kufa, alikufa na nani?"

Mwanaume mmoja alipaza sauti kutoka chini ya turubai, nani huyu mwanamke anakuja kuharibu kilio? Wengine wakaanza kunung'unika. Nikasema wote wasikie. Nikauliza mbuzi huyu alikuwa wapi Georgeta alipokuwa na njaa? Alizaliwa leo? Mchele huu ulikuwa wapi? Mgonjwa mmoja aombe kijiko, mseme mnalisha shetani. Akifa, mnachinja, mnakula wote, hakuna mchawi!

Ndipo mume wake akasimama. Mtu mrefu, mpole, macho mekundu. Nilifikiri atanifukuza. Akasema, wala si kwangu, ni kama anajisemea, "Aliniomba yai. Wiki ile ya mwisho. Nilikuwa nalo mkononi. Nikamwambia ngoja kwanza maombi yaishe."

Akakaa chini kwenye udongo, mtu mzima yule, akafunika uso kwa shati lake.

Matamu na makali yote yaliniishia. Nilinyoosha mkono, na wifi akanipa gobeleti. Nilikung'uta mchele, nikaisuuza kwa maji ya kuchemka ya chai. Nikafungua termosi ya Odeta. Nikamimina buyi ndani ya gobeleti ya Georgeta, yangu, yetu, na nikanywa nikiwa nimesimama, katikati ya uwanja wa kilio, mbele ya macho yao wote, polepole, mpaka tone la mwisho. Machozi yalikuwa yanaingia humo humo. Niliyanywa nayo.

Mbuzi wao sikumgusa.

Nilipokuwa ninapanda pikipiki, mwanamke mmoja wa jikoni alinifuata. Bado kijana, ana mtoto mgongoni. Alikuwa ameweka mkono chini ya kwapa la kulia, hivi, kama mtu anayeficha kitu. Akaangalia nyuma, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, hiyo buyi... unapika namna gani?"

Nilishuka. Nikamwambia yote. Kwanza nikamwambia aende hospitali, leo asingoje kesho. Na nikamwachia namba yangu, na ya Sifa wa Salamabila.

Bukavu walinipima. Mama Nitrisioni aliniangalia, akaangalia kitanda cha pembeni. Alijua. Walinipiga serumu ile, na nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Sisemi nimepona, siwadanganyi. Ninarudi wanaponiita, wananiangalia. Chakula si dawa ya kansere, na mtu akikuuzia majani au buyi akisema itaondoa kansere, mfukuze. Dawa ndiyo ilipigana. Lakini ilinikuta nimesimama.

Yule dada wa Kabambare alikwenda. Wakati ninaandika haya bado anatibiwa. Ananipigia simu kulalamika kwamba soya inamchosha, na mimi ninamtukana kwa upendo.

Anakle bado anaimba. Musafiri... asubuhi moja nilikuta kuku jike mlangoni pangu, amefungwa miguu kwa kamba ya kitenge. Nikajua ni wake, nikamweka bandani. Kuku anataga vizuri. Mimi na mwanangu bado tuko mbali, na sitajifanya hapa ili kisa kipendeze.

Ninyi mnaosoma, ninawaomba. Mwenye kansere akiwa kwenye serumu, msimfungishe chakula. Mwulizeni muuguzi ale nini, na kisha mpikieni, mpoozeeni, mpelekeeni tena baada ya saa chache hata kama amekataa. Akitaka kula penye upepo, mpelekeeni kiti. Na wewe mgonjwa mwenzangu, mama, usigawe yai lako kwa kuona haya. Watoto wako wanataka wewe kuliko yai! Na yule mbuzi mnayemweka kwa ajili ya kilio, mchinjeni sasa, mchuzi upikwe, mgonjwa akiwa bado anaweza kumeza.

Gobeleti zote mbili ziko hapa mezani, ya buluu na nyekundu. Odeta ameshaniita mara mbili, buyi inapoa. Ninakwenda kunywa, mbele ya nyumba, kwenye kiti changu kile kile. Mwenye kutaka kuniita mchawi aje. Nitampa gobeleti ya buluu, nyekundu simpi mtu.